Kwa nini kadi za kolaji zinapinda zikikauka? Wabandika karatasi njooni hapa

#1 Kadi_za_Tabata
Wakuu salaam. Natengeneza kadi za mkono: za siku ya kuzaliwa, za Idi, za Krismasi, za kuwashukuru walimu. Usuli wa kadi zangu zote, yaani tabaka la chini ya picha na maneno, ni kolaji ya vipande vya karatasi. Natumia magazeti, mifuko ya kaki, kalenda za mwaka uliopita na kadi za michango ya harusi ambazo tarehe zake zimeshapita. Nachana, napanga juu ya manila, nabandika kwa gundi nyeupe niliyoizimua kwa maji, kisha naacha ikauke.

Ikiwa mbichi inapendeza kweli. Ikikauka kingo mbili zinainuka na upande wenye vipande unaingia ndani. Nikiikunja kuwa kadi haisimami mezani, nikiitia kwenye bahasha inatuna.

Dai langu ni kwamba manila ya siku hizi imekuwa nyepesi mno. Jirani yangu, naye ni mtengenezaji, anasema ni gundi. Mama mwenye duka ninakopeleka mzigo anasema ni maji. Nani mkweli? Na mwenye njia ya kupata usuli ulionyooka bila kuua uzuri wa vipande, tafadhali atupe.

#2 Mtoto_wa_Stendi
Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi wanakuja.

#3 Mzee_wa_Chapa
Kadi_za_Tabata, manila unaionea bure. Nimefanya kazi kiwanda cha uchapaji hadi nikastaafu, ngoja nikueleze karatasi inavyofanya.

Karatasi ni nyuzi za mti. Mashine inapoitandaza, nyuzi nyingi hulala upande mmoja, ule mashine inakokimbilia. Ukiilowesha, kila uzi unanenepa zaidi kuliko unavyorefuka, kwa hiyo karatasi inatanuka kwa ubavu wa nyuzi. Wewe unapaka gundi, kipande kinatanuka, unakilaza juu ya manila kavu. Kikianza kukauka kinataka kurudi kimo chake cha mwanzo, lakini kimeshanata. Kinachofuata ni kuivuta manila. Ndiyo sababu upande wenye vipande ndio unaoingia ndani. Siku nyingine angalia dakika za mwanzo kabla haijakauka: itapinda kinyume, upande wa vipande utatoka tumbo nje, halafu taratibu inageuka.

Kujua nyuzi zimelalaje, kata mraba mdogo wa karatasi, lowesha uso mmoja kwa kidole chenye maji, uweke kiganjani. Utajiviringa wenyewe kuwa bomba, na bomba linavyolala ndivyo nyuzi zilivyolala. Ukishajua hilo, mkunjo wa kadi uufuatishe nyuzi. Ukikunja kwa kukatiza nyuzi, mgongo wa kadi unapasuka na kuonyesha weupe.

Dawa ya kupinda: bandika karatasi na nyuma ya manila, nyuzi zikielekea upande uleule wa zile za mbele. Pande mbili zikivutana sawa, kadi inabaki imenyooka.

#4 Gundi_Mia
Mzee_wa_Chapa heshima yako, lakini chanzo ni gundi. Gundi nyeupe ya mbao karibu nusu yake ni maji, na Kadi_za_Tabata anazidisha mengine. Punguza maji, tatizo linaisha. Mimi sizimui kabisa. Naweka tone, nalisambaza kwa kadi ngumu ya plastiki mpaka linabaki tabaka jembamba, kisha nabandika kuanzia katikati kwenda pembeni. Kwa vipande vidogo natumia gundi ya kijiti, ile wanayotumia wanafunzi. Hapindi mtu hapa.

#5 Bi_Karafuu
Ahsanteni. Mie nipo Unguja, nafunga vitabu na kutengeneza kadi. Gundi_Mia, maneno yako yananipa shida, maana mie natumia uji wa unga wa ngano, kipimo kimoja cha unga kwa vinne au vitano vya maji, na huo una maji kupita gundi yako yoyote. Kadi zangu zimenyooka. Siri ni hiyo aliyoitaja Mzee wa Chapa, nabandika nyuma na mbele. Kisha nazilaza baina ya karatasi kavu zinazonywa maji, juu naweka ubao na mawe. Karatasi zile za kunywea nazibadilisha mara kwa mara, nisipofanya hivyo unyevu unabaki humo humo na ukungu unaingia.

Uji wenyewe natia matone ya mafuta ya karafuu usioze. Huku karafuu hatununui mbali.

#6 Mwl_Rangi
Bi_Karafuu, mafuta ya karafuu ni mazuri ila si kila mtu anayapata. Sisi huku Arusha tunatia shabu kidogo, ile ya kusafishia maji, wakati uji unachemka. Hauozi, na unanata vizuri zaidi.

#7 Bi_Karafuu
Mwalimu, shabu wafunga vitabu wa zamani waliitumia sana, hilo kweli. Lakini shabu inaacha asidi ndani ya karatasi, na asidi ndiyo inayofanya karatasi iwe ya manjano na kukatika ukiikunja. Kadi ya kutupwa wiki ijayo, sawa. Kadi mtu atakayoiweka kwenye albamu, hapana.

#8 Mtoto_wa_Stendi
Kumbe kadi ya elfu mbili ina kemia ya kidato cha sita. Endeleeni, naandika.

#9 Kijogoo_Nai
Wote mmeacha hewa nje. Mimi niko Nairobi na nina mteja Mombasa. Kadi zinatoka hapa zimenyooka kabisa, zimelaliwa na vitabu vizito usiku kucha. Zikifika Mombasa ananitumia picha, zimepinda. Gundi ni ileile, manila ni ileile, na nimebandika mbele peke yake. Kilichobadilika ni unyevu wa Pwani. Karatasi haiachi kunywa hewa eti kwa sababu imekauka mara moja. Ya gazeti inakunywa haraka, ya kalenda iliyopakwa inakunywa polepole, manila inakunywa kivyake. Kila moja ikinenepa kwa mwendo wake, lazima kadi ipinde.

#10 Mzee_wa_Chapa
Kijogoo_Nai, hapo hujanipinga, umenisaidia. Karatasi tofauti zikiwa upande mmoja tu, hewa ikibadilika zinavuta. Bandika nyuma uone.

#11 Kijogoo_Nai
Mzee, nikibandika nyuma nitaandika wapi ujumbe? Halafu karatasi ni pesa. Nyuma ya kila kadi niweke karatasi nyingine, bei ipande, nani atanunua?

#12 Gundi_Mia
Naunga mkono #11. Na bado nasema maji.

#13 Pindo_na_Mji
Ndugu zangu, niko Mombasa, ndiye mwenye unyevu unaolaumiwa. Naomba nivute uzi upande mwingine kidogo, maana Kadi_za_Tabata aliuliza pia juu ya uzuri wa vipande, na hilo limepitwa.

Kadi nyingi za kolaji ninazoziona zimejaa kotekote. Kila pembe ina herufi, kila pembe ina rangi, halafu juu yake mtu anabandika ua au ndege, na ndege haonekani. Tazameni kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ndilo lenye fujo, limejaa nakshi kuzunguka pande zote nne. Mji umetulia, hata ukiwa na mauwa yana nafasi baina yake. Jina limekaa ndani ya kisanduku chake, jicho linalifikia bila kutafuta. Mimi usuli wangu naupanga hivyohivyo. Pembeni naweka vipande vidogo vyenye maandishi na rangi kali, vimepandana. Katikati naweka vikubwa vya rangi moja inayokaribiana: kaki, gazeti lenye herufi ndogo, bahasha ya zamani. Pale pa jina naacha karatasi tupu ya kuandikia.

Na kuchana si sawa na kukata. Shika karatasi ya kalenda au jarida, uso wenye picha ukuelekee. Kipande utakachokivuta kuja kwako kitakuwa na ukingo mweupe, kitakachobaki mkono wa pili hakina. Ukingo mweupe unafaa pale unapotaka vipande vionekane vimetengana. Ukitaka viyeyukiane, tumia ule usio na weupe. Jaribuni kwa kipande kimoja tu, mtaona.

#14 Mwl_Rangi
#13 ni darasa tosha. Naongezea moja: usuli ukiwa na kelele sana, zimua rangi nyeupe ya maji ya ukutani, ipake nyembamba juu yote, halafu uifute kwa kitambaa kikavu kabla haijashika. Rangi zinapoa, maandishi yanabaki kwa mbali. Ukipitisha msasa laini ikishakauka, baadhi ya herufi zinarudi.

#15 Gundi_Mia
Mwalimu umeongeza maji juu ya maji. Kadi ya watu itakunjika kama papa mkavu!

#16 Mama_Vikadi
Habari zenu. Mimi nauza kadi sokoni Mwanza, nataka kusema juu ya vipande vyenyewe, kwa sababu vimewahi kunitia aibu mbele ya mteja. Mtu alinunua kadi ya siku ya kuzaliwa ya baba yake. Kufika nyumbani wakasoma usuli kwa karibu, kumbe kipande cha gazeti kilikuwa cha ukurasa wa tanzia, kina picha ya marehemu na saa ya maziko. Akairudisha, na alikuwa na haki. Tangu hapo kila kipande cha gazeti nakisoma pande zote mbili.

#17 Mtoto_wa_Stendi
Duh. Mama, na zile kadi za michango alizosema mwenye uzi? Mtu akute jina la aliyeoa, na ndoa yenyewe ilishavunjika?

#18 Mama_Vikadi
Mwanangu, majina yote nayachana. Naacha maua, mistari ya dhahabu na karatasi yenyewe. Karatasi ya kadi za michango ni nzito na nzuri kuliko manila ya dukani.

#19 Bi_Karafuu
Mama_Vikadi umesema jambo kubwa. Nami nina lingine, naliomba kwa moyo wote. Kalenda na majarida yenye aya za Qur'ani au jina la Mwenyezi Mungu msiyachane kwa kolaji. Watu wengine huona hati ya Kiarabu kuwa pambo zuri na hawajui imeandikwa nini. Kwetu karatasi hizo hukusanywa zikachomwa au kuzikwa mahali safi, haziwi takataka. Kadi ya Idi yenye aya iliyokatwa katikati, mie siwezi kumpa mtu.

#20 Mwl_Rangi
Ahsante Bi_Karafuu, nimelichukua. Na upande wetu pia, kurasa za Biblia na za vitabu vya nyimbo nawakataza wanafunzi.

#21 Kadi_za_Tabata
Nawashukuru wote, nasoma kila mchango. Swali dogo la kando: risiti za mashine za EFD, zile za kodi, zinafaa? Ninazo nyingi, na zile tarakimu ndogo zinanivutia.

#22 Mzee_wa_Chapa
Usiguse hizo. Hiyo ni karatasi ya joto, haina wino. Uso wake umepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata moto. Ukipitisha pasi kunyoosha kadi, risiti yote inakuwa nyeusi. Usipopitisha pasi, baada ya muda maandishi yanafifia yenyewe. Ukizitaka tarakimu, piga fotokopi ya risiti utumie fotokopi. Wino wa fotokopi ni unga ulioyeyushwa kwa moto, hautoki kwa maji. Kilichochapwa na printa ya wino wa maji ndicho kinachochuruzika.

#23 Kaki_Forever
Watu wa magazeti mnajisumbua. Gazeti linageuka manjano kwa sababu ya lignini, ile gundi ya asili ya mti ambayo kwenye karatasi ya gazeti haitolewi. Ikipigwa na jua na hewa, rangi inabadilika. Tumieni kaki, haina lignini kabisa na ni imara. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki imejaa kila duka. Malighafi ya bure hiyo.

#24 Mzee_wa_Chapa
Rekebisha kidogo. Kaki ambayo haijapaushwa bado ina lignini iliyobaki, na ule udongo wa rangi yake unatokana na hiyo. Uimara wake unatoka kwenye nyuzi ndefu za msonobari zilizopikwa kwa dawa badala ya kusagwa. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kinatengeneza karatasi ya namna hiyo. Kwa kadi kaki inafaa sana, ila usimwahidi mteja kwamba haitabadilika.

#25 Kaki_Forever
Nimekupata mkuu. Mfuko wa saruji je? Nao ni kaki.

#26 Mzee_wa_Chapa
Tabaka za ndani ambazo hazikugusana na saruji, sawa. Lile lililogusana lina vumbi linalowasha mikono. Kung'uta nje, funika pua, au liache.

#27 Dondoo_za_Sanaa
Tusisahau historia. Kolaji ilivumbuliwa na Picasso mwaka 1912.

#28 Msomi_wa_Jioni
Dondoo, mwaka huo ndio Picasso alibandika kwenye mchoro wake kitambaa kilichochapwa picha ya ususi wa kiti, na mwaka huohuo mchoraji mwenzake Georges Braque akaanza kubandika karatasi ya ukutani yenye mchoro wa ubao. Lakini kubandika karatasi ni kwa kale zaidi. Kyoto, Japani, hekalu la Nishi Hongan-ji lilihifadhi mkusanyiko wa tungo za washairi 36 ulioandikwa mnamo 1112. Baadhi ya kurasa zake ni vipande vya karatasi za rangi vilivyochanwa, vilivyokatwa na kuungwa, kisha mashairi yakaandikwa juu yake. Huo ndio usuli tunaouzungumzia hapa, na una zaidi ya miaka 900.

Uingereza naye Mary Delany alianza akiwa na miaka zaidi ya 70, katika miaka ya 1770. Akakata na kubandika maua ya karatasi karibu 1,000, yote juu ya usuli mweusi. Yapo British Museum. Pindo_na_Mji atampenda huyo: fujo yote iko kwenye ua, nyuma kumetulia tuli.

#29 Kijogoo_Nai
Na wetu mbona hamumtaji? Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi 1972. Mwaka 2006 alitoa mfululizo aliobandika juu ya kurasa za vielelezo vya kitabu cha zamani cha tiba, mchoro wa ugonjwa ukawa uso wa mtu. Pale usuli si pambo, ndio unaobeba habari nzima. Na kazi zake nyingi kubwa za kolaji ameziweka juu ya mailari, ile plastiki nyembamba.

#30 Gundi_Mia
Mailari hainywi maji. Mnaona? Ni maji.

#31 Mzee_wa_Chapa
Mailari haina nyuzi za mti. Mnaona?

#32 Kijogoo_Nai
Mailari haijali hewa ya Pwani pia 😄

#33 Msafiri_Uswisi
Salaam kutoka Zürich. Huku kuna kadi ndogo za wasanii, zilianzishwa hapa mwaka 1997 na M. Vänçi Stirnemann. Kipimo ni milimita 64 kwa 89, na desturi yake ni kubadilishana, haziuzwi. Nazitaja kwa sababu ya namna wengi wanavyotengeneza usuli: hawabandiki kadi mojamoja. Wanajaza shiti nzima kwa vipande, wanaikandamiza mpaka ikauke vizuri, ndipo wanakata. A4 moja inatoa kadi tisa za kipimo hicho, au nne za A6. Shiti ikipinda kidogo, kila kadi inabaki na sehemu ndogo tu ya mpindo, jicho halioni.

Faida nyingine ni kuchagua. Kata dirisha la kipimo cha kadi kwenye manila chakavu, lisogeze juu ya shiti polepole, ligeuze, liinamishe. Utakuta mahali ambapo kipande cha buluu kimeangukia pembeni na nafasi tupu imekaa katikati, wala hukupanga. Weka alama kwa penseli, kata hapo.

#34 Pindo_na_Mji
Msafiri, kwa njia hiyo pindo linakatwa. Kadi inakuwa mji mtupu au fujo tupu. Mimi ningependa kila kadi ipangwe yenyewe, ndiyo maana ya kazi ya mkono.

#35 Msafiri_Uswisi
Pindo unaweza kulibandika baadaye, baada ya kukata. Vipande vinavyobaki baada ya kukata shiti ni vyembamba na virefu, vinafaa hasa kwa pindo.

#36 Mama_Vikadi
Kwa anayeuza, #33 inaokoa muda sana. Lakini wateja wangu wanachagua zile ambazo zinaonyesha mtu amekaa nayo. Wanazishika, wanapapasa kingo za vipande kwa kidole, ndipo wanatoa hela.

#37 Kadi_za_Tabata
Wakuu, mrejesho. Nimefanya za kubandika nyuma na mbele kwa uji wa Bi_Karafuu, za gundi isiyozimuliwa, na za shiti moja kisha kukata. Za uji zimenyooka ila zimekuwa nzito na bahasha ya C6, ile ya kadi ya A6, inazipokea kwa shida. Za gundi isiyozimuliwa zimepinda kidogo sana, lakini vipande vya kalenda vinabanduka kwenye kona. Za shiti ziko vizuri, isipokuwa zilizokatwa kwa urefu wa shiti zimenyooka kuliko zilizokatwa kwa upana. Mvua imeanza kunyesha, kwa hiyo sijui nimshukuru nani na nimlaumu nani.

#38 Mzee_wa_Chapa
Urefu na upana kutofautiana ni nyuzi hizo. Fanya lile jaribio la mraba kwa manila yako, utuletee jibu.

#39 Gundi_Mia
Kona za kalenda zinabanduka kwa sababu uso wake umepakwa, gundi haipenyi. Sugua msasa upande unaobandika kabla ya kupaka. Na kupinda kidogo sana ni ushahidi wangu.

#40 Kijogoo_Nai
Subiri mvua iishe, zipime tena zilezile.

#41 Bi_Karafuu
Kadi_za_Tabata, uzito unatokana na karatasi uliyoweka nyuma. Weka nyembamba, ile ya kufungia viatu ndani ya boksi inatosha. Na kabla ya masika kukolea, tafuta sanduku lenye mfuniko. Uji wa ngano mende wanaupenda.

#42 Mtoto_wa_Stendi
Mafuta ya karafuu hayawafukuzi mende?

#43 Bi_Karafuu
Ukungu yanauzuia. Mende wangu hawajali.